Kanzidata na Mfumo Endeshi wa Seva: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika ofisi nyingi ndogo za Nyanda za Juu Kusini, iwe ni SACCOS ya wakulima wa chai Rungwe au duka la pembejeo Mwanjelwa, kanzidata, yaani programu inayohifadhi na kupanga data, huchaguliwa kwa kauli moja: seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) ikiwa na mfumo endeshi wa Windows iwekwe kanzidata ya SQL Server, ikiwa na Linux iwekwe MySQL. Zamani kauli hiyo ilikuwa na mashiko, lakini sasa imepitwa na wakati. SQL Server inafanya kazi kwenye Linux tangu toleo la 2017, PostgreSQL, kanzidata nyingine, ilipata toleo kamili la Windows Januari 2005 lilipotoka toleo lake la 8.0, na MySQL pamoja na ndugu yake MariaDB zinakubali pande zote mbili. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni programu ya ofisi imeandikwa kwa ajili ya kanzidata ipi, na nani ataihudumia siku fundi wa sasa atakapohamia Dodoma.

Lipo pia kosa la upande wa pili, na kwa maoni yangu ndilo linalosumbua zaidi: kudhani kwamba kanzidata inayokubali mifumo yote ina tabia ileile popote. MySQL yenyewe inakanusha hilo. Kwa kawaida yake, ikiwa kwenye Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali, lakini ikiwa kwenye Linux inatofautisha. Tuseme kijana ametengeneza mfumo wa mikopo kwenye kompyuta yake ya Windows, akaliita jedwali Wanachama. MySQL italihifadhi jina hilo kwa herufi ndogo bila kumwambia, na kurasa zote zitafanya kazi, ziwe zimeandika Wanachama au wanachama. Data ikihamishiwa kwenye seva ya Linux, kila ukurasa wenye W kubwa utaleta ujumbe kwamba jedwali halipo, ilhali meneja analiona kwenye orodha. Upo mpangilio wa kurekebisha tabia hiyo, uitwao lower_case_table_names, ila kuanzia MySQL 8.0 ni lazima uwekwe wakati seva ya kanzidata inaandaliwa kwa mara ya kwanza. Ukikumbuka baadaye, umechelewa. Nafuu ni kuandika majina yote kwa herufi ndogo tangu mwanzo. PostgreSQL haina mtego huu, kwani jina lisilofungwa kwa alama za nukuu hugeuzwa kuwa herufi ndogo kwenye mfumo endeshi wowote.

Wengine husema SQL Server Express ni bure, hivyo gharama imekwisha. Ni bure kweli, hata kwa biashara, lakini katika toleo la 2022 kila kanzidata ina kikomo cha gigabaiti 10. Kwa kumbukumbu za maandishi na tarakimu hizo ni nyingi mno kwa SACCOS ya kawaida. Zinazozimaliza ni picha za vitambulisho zinazojazwa ndani ya majedwali badala ya kuwekwa kwenye folda. Tena leseni ya Windows Server yenyewe inalipiwa.

Kuhusu umeme, ambao msimu wa mvua kuanzia Novemba hukatika bila taarifa, husemwa kwamba Linux haipotezi data. Kinacholinda data si jina la mfumo endeshi, bali ni kanzidata kuhakikisha muamala umeandikwa kwenye diski kabla ya kumjibu karani kwamba umekamilika. InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL (sehemu yake inayoandika na kusoma data), hufanya hivyo isipokuwa mtu amelegeza mpangilio wake ili kuongeza kasi, na hapo umeme ukikatika miamala ya takriban sekunde moja ya mwisho inaweza kupotea. Majedwali yanayotumia MyISAM, injini ya zamani ya MySQL, hayana kinga hiyo kabisa, hata seva iwe ya Linux.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba kuhama ni kunakili folda ya data tu. Folda ya PostgreSQL ya Windows haitafunguka kwenye Linux; data itolewe kwa pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya data, kisha irejeshwe upande wa pili. SQL Server ni rahisi zaidi hapa, maana faili la bakapu lililotengenezwa kwenye Windows hurejeshwa kwenye Linux, mradi toleo la huko lisiwe la zamani kuliko lililolitengeneza.