Je, wajua kwa nini kaa huvaa mifupa yake kwa raha, na sisi tukijaribu tunataabika?

Ukipata gando la kaa lililokatika, usilitupe haraka. Toa nyama yote iliyomo ndani, taratibu, nawe utakuta kipande kigumu, bapa, chembamba kama ukucha, kimejishika kwenye shina la kile kidole kinachocheza. Kivute. Kidole kitajifunga. Kando yake kipo kingine kidogo zaidi. Ukivuta hicho, kidole kinafunguka. Kaa mwenyewe hayupo, nyama haipo, na mtambo bado unafanya kazi. Wahenga walisema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Hawakutueleza gando lenyewe linainuliwa na nini.

Linainuliwa na misuli, kama mkono wako. Tofauti ni mahali ilipokaa. Kwetu mfupa uko katikati na misuli imeuzunguka. Kwa kaa misuli imo ndani ya bomba, imejishika kwenye ukuta wa gamba na kwenye vile vipande bapa, ambavyo navyo ni gamba hilohilo lililojikunja kuingia ndani. Hicho ndicho kiunzi cha nje, au eksoskeletoni. Anacho kamba, anacho nge, anacho buibui, na wanacho wadudu wote. Kobe hayumo katika kundi hili, ingawa wengi humtaja wa kwanza: gamba lake limeungana na mbavu na uti wa mgongo, kwa hiyo hawezi kulitoka hata akitaka.

Gamba la kaa na la mdudu limejengwa kwa khitini, yaani sukari zilizoungwa kuwa minyororo mirefu, jamaa wa karibu wa selulosi ya kwenye miti. Ajabu ni kwamba Mfaransa Henri Braconnot aliyeigundua mwaka 1811 hakuitoa kwa mdudu, aliitoa kwenye uyoga. Nyuzi zake hulala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limegeuzwa kidogo kuliko lililo chini yake, ndiyo maana ufa ukianza haupati njia iliyonyooka ya kupita. Kaa huongeza chokaa humo ili pawe pagumu zaidi. Mdudu hutumia protini zilizofungamana, kisha hujipaka nta juu ili maji ya mwilini yasikauke.

Ugumu huo hufika mbali. Yupo mbawakawa mmoja wa magharibi mwa Marekani, asiyeruka kabisa, ambaye watafiti walimbana kwenye mashine wakaandika mwaka 2020 kwamba anahimili mara 39,000 ya uzito wake. Mende naye hubeba mzigo wa karibu mara 900 ya uzito wake bila kudhurika, ila kwa ujanja tofauti: mabamba ya gamba lake yameunganishwa kwa ngozi laini, hivyo hujibapa na kupenya chini ya mlango. Waliompima huko Berkeley, California, walitengeneza roboti ndogo inayojibapa vivyo hivyo, wakiwa na nia ya kuituma kwenye vifusi vya majengo yaliyoanguka. (Sisimizi anayebeba mzigo unaomzidi mwili tusimsifu kwa gamba lake tu. Anasaidiwa zaidi na udogo: kiumbe akipungua ukubwa, uzito wake hushuka kwa kasi kuliko nguvu ya misuli yake. Mfanye awe mkubwa kama mbwa, hatasimama.)

Sasa gharama. Gamba halikui. Usemi wa kujivua gamba tunautumia kirahisi, lakini kwa kaa ni siku ya hatari. Kwanza hutengeneza gamba jipya, laini, chini ya lile kuukuu. La zamani hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume, akichomoa miguu yote, magando na hata vifuniko vya macho. Kisha hunywa maji ajivimbishe, ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi ya kukulia. Kwa muda huo hawezi kupigana wala kukimbia vizuri, kwa hiyo hujificha. Mende mweupe unayemwona mara mojamoja si wa aina nyingine; ametoka tu kujivua, na baada ya saa chache atarudi rangi yake.

Binadamu tulitamani zamani kujivalisha kiunzi cha namna hii. Mwaka 1890 Nicholas Yagn, mkazi wa St Petersburg, alipewa hataza Marekani ya kifaa cha kusaidia kutembea, kukimbia na kuruka, chenye springi ndefu zilizopinda kama upinde kando ya miguu. Miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ikajaribu kwa nguvu zote: Hardiman, vazi la chuma lenye uzito wa kilo 680 hivi, lililokusudiwa kuinua mzigo wa kiasi hichohicho. Mkono mmoja ulifanya kazi. Walipojaribu kuliendesha lote, lilirukaruka ovyo, na hakuna mtu aliyewahi kuwashiwa akiwa ndani. Nadhani walifanya busara.

Kwa nini imekuwa ngumu hivyo, ilhali kamba, asiye na shahada yoyote, anaweza? Kwa sababu kamba ana kiunzi kimoja. Sisi tayari tuna mifupa ndani, kwa hiyo tukivaa mashine tunakuwa na viunzi viwili, na lazima vikubaliane kila hatua kwamba goti liko wapi. Kiungo cha mguu wa kaa kina egemeo mbili, moja kila upande, kama mpini wa ndoo. Kinakunjika upande mmoja tu, na kiungo kinachofuata kimegeuzwa kuelekea kwingine. Vyote kwa pamoja vinampeleka atakako. Goti lako halina adabu hiyo. Ukilikunja, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya mfupa wa chini, na mahali pa mzunguko huhama. Bawaba ya chuma iliyofungwa pembeni haihami. Matokeo yake ni mikanda inayosugua ngozi na mguu unaosukumwa usikotaka kwenda.

La pili ni hisia. Gamba la mdudu limetapakaa vikuba vidogo mno, vyenye neva chini yake, vinavyohisi gamba linavyopindika kwa uzito. Mashine haina vikuba hivyo, inabidi ikisie nia ya aliyeivaa. Mashine ya kuvaa iitwayo HAL, iliyobuniwa na Profesa Yoshiyuki Sankai wa Japani, husoma umeme hafifu unaojitokeza kwenye ngozi pale ubongo unapoamuru misuli. Kwa mtu ambaye uti wa mgongo umekatika, ujumbe huo haufiki mguuni. ReWalk, mashine nyingine ya kuvaa kutoka Israeli, ilipita njia nyingine: mvaaji huinamisha kiwiliwili mbele kidogo, kihisio kinapima mwinamo, na mota zinapiga hatua. Mwaka 2014 ikawa ya kwanza kuruhusiwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani. Mvaaji hushika magongo ili asianguke, na hapo ndipo pana uchungu wa hadithi hii. Mbunifu wake, Amit Goffer, alipooza mikono na miguu kwa ajali mwaka 1997. Hakuweza kushika magongo, kwa hiyo kifaa alichowabunia wengine hakikumfaa yeye.

Kwa asiyepooza, kilichonivutia kuliko vyote hakina mota wala betri. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Marekani, Steven Collins na wenzake, walionyesha kifaa cha nyuzi za kaboni kinachovaliwa kwenye kifundo cha mguu, karibu nusu kilo kwa kila mguu. Kina springi na klachi. Unapokanyaga, klachi hushika na springi hunyooshwa. Unapojisukuma mbele, springi hurudisha nguvu iliyoiweka. Mguu ukiwa hewani, klachi huachia. Nguvu ambayo mwili hutumia kutembea ilipungua kwa asilimia 7 hivi.

Nzige anaujua mchezo huu tangu zamani. Kabla ya kuruka hukunja mguu wa nyuma, anaufunga, kisha misuli inaanza kuvuta polepole huku mguu haujasogea. Ukitazama goti lake kwa darubini wakati huo, utaona vipande viwili vya gamba vyenye umbo la mwezi mwandamo vikipindika, kidogo kidogo, vikingoja aachie.