Mjomba yupo Houston: viza ya familia ya Marekani kwa watu wa Kusini

Malipo ya korosho yakishaingia kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ofisini kwangu hapa Mtwara mjini huanza kuja watu wa aina moja. Akiba kidogo ipo mkononi, na kuna ndugu aliyeko Marekani aliyepiga simu akasema, "Anzeni kuandaa karatasi." Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa kwenye mambo haya siyo kujaza fomu. Kazi yangu ni kuhakikisha familia iliyopo kwenye karatasi inafanana na familia iliyopo Tandahimba, Newala au Nachingwea. Mafaili mengi ya huku kwetu yanakwamia hapo.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua hali ilivyo. Kwa tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 2025, Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kwa sehemu kuingia Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na viza za uhamiaji zimo. Kufungua ombi bado kuna maana, kwa sababu tarehe ombi lilipopokelewa ndiyo inayokuwekea nafasi kwenye foleni. Lakini anayekuahidi leo kwamba kabla ya msimu ujao utakuwa Texas, muulize anapitia mlango gani.

Safari inaanzia kwa ndugu, haianzii kwako. Yeye ndiye anayepeleka fomu I-130, ya kumwombea ndugu, kwa idara ya uraia na uhamiaji ya kule, USCIS. Ada yake, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ni dola 625 akituma kwa mtandao na 675 akituma kwa karatasi. Kama ni raia wa Marekani, mke au mume wake, watoto wake wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, na wazazi wake (mradi yeye mwenyewe ametimiza 21) hawakai kwenye foleni ya viza zenye kikomo cha idadi. Watoto wake wakubwa, watoto wenye ndoa na ndugu zake wanapanga foleni. Akiwa na kadi ya kijani tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mlango ni mwembamba zaidi: mwenzi wake na watoto wasio na ndoa, basi. Hawezi kumwombea mzazi wake mpaka awe raia.

Sasa tuje kwa mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba ndiye mwenye sauti. Amekusomesha, amesimamia jando lako, amekaa kikao cha posa yako. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui kwa lolote kati ya hayo. Mjomba hawezi kumwombea mpwa wake, hata kama amemlea tangu ananyonya, isipokuwa alimuasili kisheria kabla hajatimiza miaka 16 na akaishi naye chini ya malezi yake kisheria kwa miaka miwili. Anachoweza, akiwa raia mwenye miaka 21 au zaidi, ni kumwombea dada yake, yaani mama yako. Wewe utaingia nyuma ya mama, mradi hujaoa wala kuolewa na hujatimiza 21.

Hapo napenda kuwaonyesha wateja tarehe, maana maneno peke yake hayatoshi. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jarida la viza linaloonyesha foleni imefika wapi. Katikati ya mwaka 2025, foleni ya ndugu wa raia, kwa nchi kama yetu, ilikuwa inawahudumia waliofungua ombi kabla ya Januari 2008. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mama yake alipoombewa alishatimiza 24. Ipo sheria ya mwaka 2002 inayopunguza umri wa mtoto kwenye hesabu, ila inaondoa ule muda tu ambao ombi lilikaa mezani USCIS likisubiri kuamuliwa. Miaka ya foleni yenyewe haiondolewi. Kwa hiyo mama akienda peke yake, msianze kutafuta mchawi.

Ndoa nazo zina mambo yake. Cheti alichokupa sheikh au padri ni mwanzo tu. Wamarekani wanataka ndoa iliyosajiliwa serikalini, cheti cha RITA, wakala wa usajili. Mwenye wake wawili ajue kwamba anayetambuliwa ni mke wa ndoa ya kwanza pekee. Wa pili hana viza ya mke, hata kama ndiye anayeishi naye na yule wa kwanza yuko kwao Masasi miaka kumi. Na mtu akisema amemwacha wa kwanza, ataulizwa karatasi. Karatasi ya talaka iliyoandikwa mbele ya wazee au Bakwata haimalizi kazi, kwa kuwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa inavunjwa na mahakama. Ukioa tena kabla ya amri ya mahakama, ndoa ya pili ndiyo inayotiliwa shaka. Hili linawauma watu kuliko yote ninayowaambia.

Halafu majina. Tuseme watu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa aliandikishwa shule kwa jina la baba na la babu. Mdogo akaandikishwa kwa jina la baba na la ukoo, kwa sababu siku hiyo aliyempeleka shuleni alikuwa shangazi. Mkubwa kaenda Marekani, kaacha jina la katikati. Kadi ya kliniki ya mdogo ina jina la utotoni. Alipotoka jando akapewa lingine, na hilo ndilo lililopo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye pasipoti. Kijijini hakuna asiyejua kuwa hawa ni ndugu. Kwenye faili ni watu wawili wasiojuana.

Dawa yake siyo kukimbilia ofisi ya wilaya kukata cheti kipya cha kuzaliwa chenye jina zuri. Cheti kilichosajiliwa miaka thelathini baada ya mtu kuzaliwa tayari kinaulizwa maswali. Kikiwa pia kimetoka juzi, kinaulizwa zaidi. Tunakusanya vya zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kwa waliobatizwa misheni za Ndanda au Nyangao, cheti cha darasa la saba. Tunaandika kiapo cha majina kinachoeleza jina lipi lilitoka wapi, na majina yote yanatajwa kwenye fomu, pale panapoulizwa majina mengine. Kila karatasi ya Kiswahili inayokwenda USCIS iwe na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili. Kudanganya usijaribu: uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi unaweza kukufungia Marekani maisha.

Ombi likikubaliwa na zamu yako ikifika, faili linashughulikiwa na Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichopo Portsmouth, New Hampshire. Mawasiliano ni ya mtandao, na hapa steshenari zetu zimewaponza wengi. Kijana wa kompyuta anakufungulia barua pepe kwa namba yake ya simu, nywila anaijua yeye, mwaka unaofuata kahamia Dodoma. Ukiitwa kuomba viza ukakaa mwaka mzima bila kuitikia, usajili wako unaweza kufutwa. Fungua barua pepe yako, kwa simu yako, na nywila iandike mahali.

Ada za NVC ni dola 325 kwa kila mwombaji na 120 za kukagua udhamini, na zinalipwa kupitia akaunti ya benki ya Marekani. Kwa hiyo anayekuambia utume "hela ya ubalozi" kwa simu ni tapeli, hata kama anakuita shemeji.

Udhamini ni fomu I-864: ndugu aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kule. Kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025 ilikuwa kama dola 26,400 kwa mwaka, na wewe unahesabiwa ndani ya kaya hiyo. Kipato kikipungua, anaweza kuongeza mdhamini mwingine.

Usaili ukipangwa Dar es Salaam, tangulia siku kadhaa. Lazima upimwe na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, daktari wako wa hospitali ya Ligula hapa Mtwara hatoshi, na kama umetimiza miaka 16 uwe na cheti cha tabia njema cha polisi. Kama ni kipindi cha mvua, usitegemee basi la usiku wa mwisho. Mwezi Mei 2024 barabara ilikatika Somanga na watu wakabaki njiani. Beba vyeti halisi, siyo nakala tu. Na kama umepata viza kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili siku unapoingia Marekani, kadi utakayopewa ni ya miaka miwili, yenye masharti. Ombi la kuondoa masharti linapelekwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha.