Mtumishi wa Umma na Utendaji Wake: Yanayosemwa Vijiweni na Yaliyopo Ofisini

Mwaka wa fedha unapofika ukingoni, mwezi Juni, ofisi za umma Tanzania huingiwa na pilikapilika za aina moja: tathmini. Aliyesahau nywila anaitafuta, aliyesahau alichoahidi Julai iliyopita anakumbushwa na wa meza ya jirani, na bosi ambaye hakuuliza lolote kwa miezi kumi na moja anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwisho ni Ijumaa. Nimekaa meza ya afisa utumishi na nimezipita Juni kadhaa za namna hiyo. Kinachonisukuma kuandika ni maneno ninayoyasikia kila siku kuhusu watumishi, kwenye daladala na hata kwenye vikao vya menejimenti. Mengi si kweli, lakini ndiyo yanayoongoza maamuzi, na anayeumia ni mwananchi aliyesimama dirishani.

"Mtumishi wa serikali hafukuziki"

Hili nalisikia kuliko yote, na mara nyingi linatoka kwa wakuu wa idara wenyewe. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 haikumpa mtumishi kinga ya namna hiyo. Ilichompa ni haki ya kusikilizwa: apewe hati ya mashtaka, ajitetee, jambo lichunguzwe, na asiporidhika akate rufaa. Adhabu zipo kwa ngazi zake, kuanzia onyo na karipio, kushushwa cheo au mshahara, hadi kufukuzwa kazi.

Kinachowashinda wakuu ni jalada. Msimamizi atalalamika miaka mitatu kwamba fulani ni mzembe, lakini ukilifungua jalada la mtu huyo masjala hukuti barua hata moja ya kumtaka ajieleze, hukuti kumbukumbu ya kikao, na tathmini zake zote zinasema anafanya vizuri sana. Siku bosi anapochoka anamwachisha kazi kwa hasira, utaratibu haukufuatwa, mtumishi anakata rufaa na anarudi. Kijiweni wanasema: si unaona, hafukuziki.

Kuna mlango ambao wengi wanaupita bila kuutazama. Mtumishi mpya huanza na kipindi cha matazamio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Huo ndio wakati wa kumfundisha, kumpima na kumwambia ukweli. Ofisi nilizozijua mimi zilithibitisha watu kwa mkupuo, orodha nzima kwa siku moja, bila mtu kuulizwa mmojammoja amejifunza nini. Halafu tunashangaa baada ya miaka kumi.

"Wakitumbuliwa kumi, mia watanyooka"

Kati ya 2016 na 2017 serikali ya Rais John Magufuli iliondoa watumishi hewa zaidi ya 19,000 kwenye orodha ya mishahara, na Aprili 2017 yakatangazwa majina ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Naiunga mkono kazi ya kusafisha orodha ya mishahara, kwa sababu fedha inayolipwa kwa jina lisilo na mtu ni dawa iliyokosekana zahanati. Ila watu wanalichanganya jambo hilo na utendaji. Ukiondoa jina hewa, aliyebaki hajafundishwa chochote kipya, wala kazi yake haijarahisishwa.

Hofu inaleta mabadiliko ya haraka, sikatai. Watu wanawahi asubuhi, wanavaa vitambulisho, simu zinapokelewa. Baada ya hapo huja gharama yake: hakuna anayetaka kusaini. Jambo ambalo afisa wa kawaida alikuwa akilimaliza kwa dakika kumi linapandishwa kwa mkuu wa kitengo, naye analipandisha kwa mkuu wa idara, naye anaandika "kwa maelekezo yako" na kulipeleka kwa mkurugenzi. Kila mmoja anajilinda, na mwananchi anaambiwa aje Jumatatu. Tena mtumishi mwenye hofu hakuambii kwamba takwimu alizokuletea si sahihi, na kiongozi anayepanga kwa takwimu za uongo atakosea hata akiwa na nia njema kiasi gani.

"Aliyesaini daftari la mahudhurio amefanya kazi"

Utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma Tanzania wa 2014 ulionyesha kwamba walimu wengi walikuwapo shuleni siku wapimaji walipofika bila taarifa, lakini karibu nusu hawakuwamo darasani wakati wa vipindi. Daftari limejaa, na watoto wako peke yao. Mashine ya alama za vidole itakuambia mtu ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Alichofanya katikati atakuambia msimamizi anayetembea.

"Waongezeni mshahara, mengine yatajipa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaosema hivi wana nusu ya ukweli.

Mshahara ni haki, na mtumishi mwenye njaa hawezi kuweka akili yake yote kazini. Mei Mosi ya 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nyumba nyingi zilipumua. Lakini nyongeza hiyo haikuuliza nani anafanya kazi vizuri, wala haikukusudiwa kuuliza. Kila aliyemo alipata, hodari na mvivu. Kuitegemea ibadilishe utendaji ni kuitwika mzigo usio wake.

Je, fedha inayofuata matokeo nayo? Tanzania tunao ushahidi wetu wa ndani kuhusu hilo, na nasikitika kwamba hautajwi vya kutosha kwenye vikao. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza na watafiti waliokuwa nalo walifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule za msingi za serikali 350, wilaya 10, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule 70 zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Shule 70 zikapewa vyote viwili. Zilizobaki 140 ziliendelea kama kawaida ili ziwe za kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Vitabu vilinunuliwa, chaki zikaja, na watoto wakabaki palepale. Motisha peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walisonga mbele, na kwa kiasi kinachozidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Nikilisoma tokeo hilo namkumbuka muuguzi wa zahanati aliyekuwa akitafuta glavu za kuzalishia kwa fedha yake mwenyewe. Tuna methali tunayopenda kuwarushia watu wa namna yake: mchagua jembe si mkulima. Yule dada hakuwa akichagua jembe, alikuwa hana jembe. Ukimwahidi posho mtu asiye na kitendea kazi unamkasirisha tu, na ukimpa vitendea kazi mtu ambaye hakuna anayejali amevitumiaje, vitaingia kabatini. Bajeti zetu hupanga vitu hivi viwili kwenye vifungu tofauti, chini ya watu tofauti, kwa vikao tofauti, na mara nyingi hakuna anayeulizwa kama vimekutana mezani kwa mtumishi yuleyule.

Kuna motisha nyingine isiyohitaji kifungu kipya cha bajeti: kulipa kwa wakati kile ambacho mtu anastahili tayari. Anayesubiri malimbikizo ya daraja alilopanda zamani, au fedha ya uhamisho, anakuja kazini na kinyongo. Semina ya maadili haikitoi.

"PEPMIS ni OPRAS iliyohamia kwenye kompyuta, lengo lake ni kututafutia makosa"

Hayo ni majina ya mifumo miwili ya kutathmini watumishi, wa sasa na wa zamani. Tuanze nyuma. Zamani mtumishi alitathminiwa kwa siri. Bosi aliandika taarifa, ikafungwa, ikaenda. Ulijua umesemwa vibaya pale tu cheo kilipokupita. Julai 2004 ulikuja Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ndiyo OPRAS. Neno la maana pale lilikuwa "wazi": mtumishi na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo mwanzo wa mwaka, wakutane katikati ya mwaka kuona wamefika wapi, na mwisho wapeane alama wote wawili wakiwa wanaona. Alama zilikuwa 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu.

Wazo lilikuwa zuri. Lilikufa katika utekelezaji, na nimeliona likifa. Malengo yalinakiliwa kutoka kwenye fomu ya mwaka uliopita, wakati mwingine na tarehe zake za zamani. Kikao cha katikati ya mwaka kilifanyika kwenye karatasi tu. Katika ofisi moja mtumishi alijaza sehemu yake na ya msimamizi, akajipa 1 kila mahali, bosi akasaini huku anaongea na simu. Alama za kila mtu zikawa za juu, kwa hiyo hazikumtofautisha yeyote, na aliyejituma akaona hakuna aliyemwona.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ikaanzisha PEPMIS kwa ajili ya mtumishi mmojammoja na PIPMIS kwa ajili ya taasisi. Tofauti si kompyuta pekee. Mtumishi anaingiza majukumu yake, anatoa taarifa ya utekelezaji kadiri mwaka unavyokwenda, na msimamizi anatakiwa kuipitia. Kwa hiyo kumbukumbu inajengeka polepole badala ya kutungwa Juni. Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaoiogopa: rekodi hiyo ni ngao yako. Siku mtu atakaposema hukufanya kazi, utakuwa na cha kuonyesha, tena chenye tarehe.

Malalamiko yanayosikika mengi ni ya kweli, na yasibezwe. Mwalimu wa kijijini anapanda kichuguu kutafuta mtandao na kutumia bando lake. Mkuu wa shule mwenye walimu arobaini ana watu arobaini wa kupitia, naye ana vipindi. Mtu wa namna hiyo ataidhinisha kwa kubofya tu, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye saini ya huku anaongea na simu. Mfumo hauwezi kuzungumza na mtumishi kwa niaba ya msimamizi. Dakika ishirini za kukaa na mtu Desemba, ukamuuliza kipi kimekwama na nani anakikwamisha, zina thamani kuliko safu zote za alama. Wasimamizi wengi hawakuwahi kufundishwa kufanya mazungumzo hayo. Walipandishwa vyeo kwa kuwa walikuwa wahasibu wazuri au madaktari wazuri, wakakabidhiwa watu.

"Kazi yetu haipimiki"

Zipo kazi zisizohesabika kirahisi, kama ya mwanasheria au afisa ustawi wa jamii. Lakini hata hapo unaweza kuuliza shauri lilikaa siku ngapi, au familia ngapi zilifuatiliwa baada ya ziara ya kwanza. Hatari kubwa iko upande wa pili, kupima kinachohesabika kirahisi. Afisa ugani akipimwa kwa idadi ya mikutano, mikutano itakuwapo mingi, na mahindi ya mkulima yataendelea kuliwa na viwavi.

"Tathmini ni ya watumishi wa chini"

Majirani zetu waliliona hili mapema. Kenya, chini ya Rais Mwai Kibaki, ilianza mwaka 2004 kuwasainisha wakuu wa mashirika ya umma mikataba ya utendakazi, kwanza mashirika 16, kisha mikataba ikaenea hadi wizarani. Rwanda nayo, mwaka 2006 mameya wa wilaya walianza kusaini imihigo, yaani mikataba yao ya utendaji, mbele ya Rais, na utekelezaji wao ukawa unatangazwa hadharani. Mbinu zote mbili zina kasoro, mojawapo ikiwa kishawishi cha kujipangia lengo ambalo tayari umekwisha kulifikia. Lakini zilianzia juu, na hilo linabadilisha lugha ya ofisi nzima. Mkubwa mwenye ahadi ya kutimiza huanza kuuliza kwa nini jalada limelala.

Kenya pia ilifungua Huduma Centre ya kwanza Novemba 2013, Nairobi. Wahudumu wa vituo vile hutoka katika idara na taasisi za serikali zilezile ambazo wananchi walikuwa wakizilalamikia. Kilichobadilika ni mpangilio: huduma nyingi chini ya paa moja, foleni yenye namba, na mtu wa kukuelekeza mlangoni. Kila nikisikia mtu akisema Waafrika hatuwezi kazi, huwa namtajia dirisha hilo.

Kwetu, taasisi nyingi zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umebandikwa ukutani pale mapokezi. Umeandika kibali hiki siku kadhaa, barua itajibiwa ndani ya siku kadhaa. Ukienda ofisini wiki hii, usome kabla hujaketi, uandike tarehe uliyowasilisha ombi lako, na siku zikipita umuulize mkuu wa ofisi, si yule kijana wa dirishani, zimezidi kwa sababu gani.