Demani ni nini, na nini hubadilika ukiiongezea gofia

Demani ni kamba inayofungwa kwenye pembe ya chini ya nyuma ya tanga. Ncha yake ya pili huwa mkononi mwa nahodha au baharia wake. Ukiivuta, tanga huja ndani na kukaza. Ukiilegeza, tanga hutoka nje na kumwaga upepo. Jarari, kamba ya kutwekea, hupandisha foromali (mti unaobeba tanga kwa juu) na usukani hugeuza chombo, lakini upepo kiasi gani uingie kwenye tanga ni kazi ya demani. (Msimu wa demani, kusi inapoanza kupoa, ni habari nyingine.)

Kwenye ngalawa na mashua ndogo za pwani yetu, demani kwa kawaida ni kamba moja tupu. Huzungushwa mara moja kwenye kipande cha mti ili msuguano umsaidie mshikaji, na mkono haubanduki. Wageni huuliza mbona haiwekwi gofia, yaani kigurudumu cha kupitishia kamba, ikapunguza kazi. Sababu ni kwamba tanga hilo halina mti chini yake. Wakati wa kupisha tanga, pembe ile huachiwa, ikazungushwa mbele ya mlingoti na kuletwa upande wa pili, huku kitambaa kikipigapiga. Gofia ya mbao ikining'inia hapo ni rungu linalotafuta kichwa cha mtu.

Boti ndogo za kisasa ni tofauti. Tanga lao kuu lina boriti inayolala chini yake, ikishikwa na mlingoti kwa mbele na kuyumba kushoto na kulia. Hata Optimist, kiboti cha watoto chenye urefu wa mita 2.3 hivi alichokichora Clark Mills huko Florida mwaka 1947, kina boriti hiyo. Demani hapo hufungwa kwenye boriti badala ya kitambaa, kwa hiyo gofia zina mahali pa kutulia. Mtu akisema anabadilisha mpango wa demani, kwa kawaida anabadilisha idadi ya gofia, au mahali zinapofungwa, au vyote viwili.

Tuseme ncha ya boriti inavutwa na upepo kwa nguvu ya kilo 40. Kwa kamba tupu utazishika zote 40. Ukiipitisha kamba kwenye gofia ili mistari yake miwili igawane mzigo, mkono wako unabaki na 20. Mistari minne, 10. Raha kweli. Ila mistari minne inakudai uvute mita nne za kamba ili boriti iingie mita moja, na boriti ikitoka mita mbili, mita nane zitapita kwenye gofia. Tena kila gofia hula sehemu ya nguvu kwa msuguano, kwa hiyo zile kilo 10 ni za kwenye karatasi. Mkononi huwa zaidi.

Hapo ndipo wengi hujipunja. Wanahesabu kuvuta tu, wanasahau kulegeza. Upepo ukipiga kwa ghafla na chombo kikaanza kulala ubavu, kinachokuokoa ni kamba kutoka upesi, na kamba iliyopita kwenye gofia nyingi hutoka kwa kusitasita, hasa upepo ukiwa mdogo au kamba ikiwa nene. Kwa boti ya mtu mmoja au wawili, mimi ningechagua mkono uchoke kidogo kuliko demani nzito kuachia.

Mahali pa kufungia pana hesabu yake. Ukiitoa demani kwenye ncha ya boriti na kuileta katikati, zile kilo 40 zinakuwa 80, kwa sababu umeusogelea mlingoti na wenzo umekuwa mfupi. Mistari minne hapo katikati inakupa kilo 20, sawasawa na miwili kwenye ncha, na msuguano umeongezeka. Juu ya hayo boriti inavutwa kiunoni, kwa hiyo nyembamba itapinda. Kwa nini basi watu wafanye hivyo? Kwa sababu kamba inakuja mbele ya mshika usukani: anaivuta akitazama tanga, na haimpiti shingoni wakati wa kugeuza. Hiyo ni sababu nzuri ya kubadilisha, ilimradi ujue kwamba hukupata wepesi wowote.

Kamba yenyewe isidharauliwe. Nailoni hunyumbuka, unavuta, nayo inarefuka kabla boriti haijasogea. Poliesta hunyumbuka kidogo tu, ndiyo inayofaa. Katani ikilowa huvimba na kukwama kwenye gofia. Unene uendane na kiganja, milimita 8 hadi 10. Nyembamba zaidi ina nguvu ya kutosha lakini inakata vidole.

Kabla ya kuingia majini, tweka tanga ufukweni siku ya upepo mwanana, omo (mbele ya chombo) ikielekea unakotoka upepo. Sukuma boriti kwa mkono hadi mwisho uone kama kamba inatosha, na bado unabaki na ya kushika. Kisha geuza chombo upepo uingie kwa ubavu, kaza demani, uiachie ghafla. Boriti ikikimbia yenyewe hadi nje, mpango wako uko sawa. Ikisimama njiani, toa gofia moja ujaribu tena.