Romário: maneno ya vijiweni na yaliyotokea kweli

Ukianza ubishi wa straika gani wa Brazil alikuwa balaa zaidi, jina la Romário huwa linakuja la pili au la tatu, na likija linakuja na mzigo wake: alikuwa mvivu, mtu wa bata, alihamahama timu kama hana kwao, kajihesabia magoli. Mengine yana ukweli ndani yake, siwezi kumtetea kwa kila kitu maana hata yeye mwenyewe hajawahi kukana kwamba usiku aliupenda. Ila kuna mengi watu wamechanganya mafaili, na mengine hayakutokea kabisa.

Eti alikuwa mtu wa kuhamahama asiye na kwao

Hii ndio kubwa, nianze nayo. Ukiitazama listi ya timu zake harakaharaka utasema kweli jamaa kazunguka: PSV ya Uholanzi, Barcelona halafu Valencia kule Hispania, Al-Sadd ya Qatar, Miami FC ya Marekani, Adelaide United ya Australia, ukijumlisha na kwao Amerika Kusini hayo tayari ni mabara matano. Sawa. Sasa toa za nje zote, angalia Brazil kacheza wapi. Vasco da Gama, Flamengo, Fluminense, na mwisho kabisa America. Zote za Rio de Janeiro. Hakuna Santos hapo, hakuna Palmeiras, hakuna Corinthians wala Grêmio, yaani mtu kacheza mpira zaidi ya miaka 20 na ndani ya nchi yake hajawahi kuhama mji. Kazaliwa Rio mwaka 1966, kaanzia timu ya watoto ya Olaria ambayo nayo ni ya hukohuko, kaingia Vasco timu kubwa 1985, na kila alikokwenda baada ya hapo alikuwa kama amekwenda safari tu, begi halijafunguliwa lote.

Angalia alivyoondoka Barcelona. Januari 1995 ndio kwanza ametoka kuwa Mchezaji Bora wa Dunia wa FIFA wa 1994, ana Kombe la Dunia mkononi, yupo timu ya kocha Johan Cruyff, na akaamua kurudi Brazil kuchezea Flamengo waliokuwa wanatimiza miaka 100. Siku hizi mchezaji akifanya hivyo tutasema karogwa. Hakufukuzwa kwa kushuka kiwango kama wengi wanavyodhani, alikuwa ameshamchoka Cruyff na Cruyff kamchoka yeye, maana baada ya Kombe la Dunia alichelewa sana kurudi mazoezini, na Rio ilikuwa inamvuta. Cruyff mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba Romário alimwomba ruhusa ya kwenda kwenye kanivali, akamwambia ukifunga mbili kwenye mechi nakuongezea siku mbili, jamaa kafunga mbili mapema halafu akaja kuomba atolewe kwa sababu ndege yake inaondoka muda si mrefu. Kama kuna chumvi humo sijui, ila aliyesimulia ni kocha.

Valencia ndio kabisa. Kaenda mara mbili, mara zote mbili hajamaliza msimu, hakuelewana na kocha Luis Aragonés, wala kwa kocha Ranieri hakudumu, na mara zote mbili karudi wapi? Flamengo. Flamengo nao mwisho wa 1999 wakamtimua kwa mambo ya starehe, akahamia upande wa pili, Vasco, mahasimu wao, ambako ndiko alikotokea. Desemba 2000 Vasco wanacheza fainali ya Copa Mercosul, kombe la klabu za Amerika Kusini, na Palmeiras kwao São Paulo, wapo nyuma 3-0 mapumziko, wakashinda 4-3 na Romário kafunga matatu, la mwisho dakika za nyongeza. Umri miaka 34. Kama hujawahi kuiona hiyo mechi itafute, mimi naiweka juu ya mechi zake zote za Ulaya na sioni aibu.

Qatar 2003 ilikuwa hela, hilo halina mjadala, kacheza mechi chache na goli hata moja hakuna. Miami na Adelaide 2006 nitaziongelea chini kwenye ile hesabu ya magoli maana ndio zilipo.

Eti Ulaya ilimjua akiwa Barcelona

Watu wengi wanaanzia ile 5-0 waliyopigwa Real Madrid Januari 1994, alivyomgeuza beki Alkorta ule mgeuko ambao Wahispania wanauita mkia wa ng'ombe, kafunga matatu siku ile. Ila kabla ya hapo alikuwa Eindhoven miaka mitano, 1988 mpaka 1993, kwenye ligi tu kafunga 98 katika mechi kama 110, ubingwa wa Uholanzi mara tatu, mfungaji bora misimu mitatu mfululizo. Barcelona waliponunua hawakununua bahati nasibu. Mechi yake ya kwanza ya ligi na Real Sociedad kafunga matatu, msimu ukaisha na magoli 30 kwenye mechi 33.

Hapohapo kuna kingine cha kusahihisha, kwamba ana Kombe la Mabingwa Ulaya. Hana. PSV walilibeba Mei 1988, yeye kaja baada ya hapo, akiwa ametoka Olimpiki ya Seoul alikokuwa mfungaji bora kwa magoli 7 na kuambulia fedha. Barcelona wakafika fainali ya 1994 kule Athens, Milan wakawapiga 4-0. Basi.

Eti alikuwa mvivu

Kukimbia alikuwa hakimbii, tusidanganyane. Tizi alikuwa analikwepa, kukaba alimwachia mwingine. Lakini mvivu na mtu anayechagua muda wa kukimbia ni watu wawili tofauti. Jamaa alikuwa na kama mita 1.68 tu, hawezi kugombana na mabeki dakika 90, kwahiyo anasimama, anatembea, beki anajisahau, halafu ndani ya hatua mbili tatu kashapita na mpira kausukuma kwa ncha ya kiatu kabla kipa hajajipanga. Goli la ncha ya kiatu watu wanaliona la kubahatisha, la chandimu. Kwake ilikuwa kazi, kwa sababu kupiga hivyo hakuhitaji kuvuta mguu nyuma, na mguu usipovutwa nyuma kipa hana cha kusoma.

Tazama Kombe la Dunia 1994 yale magoli yake matano. La Urusi, kona ya Bebeto, kaugusa tu. La Cameroon, pasi ndefu ya Dunga katikati ya mabeki, kamwahi kipa Joseph-Antoine Bell, na ndio mechi ambayo beki wao Rigobert Song akiwa na miaka 17 alilambwa kadi nyekundu. La Sweden kwenye makundi katembea na mpira toka mbali halafu ncha ya kiatu. La Uholanzi robo fainali. Na nusu fainali na Sweden tena, huyu mtu mfupi kuliko wote pale ndani ya boksi kafunga kwa kichwa krosi ya Jorginho, Wasweden warefu wale wapo pembeni yake wanaangalia.

Guus Hiddink, aliyemfundisha PSV, anasema Romário akimwona ana wasiwasi kabla ya mechi kubwa alikuwa anamwambia atulie, atafunga na watashinda, na mara nyingi ikawa hivyo. Ndio huyo mvivu wetu.

Kuna na mechi moja inayosahaulika. Desemba 1992 aliitwa timu ya taifa kwa mechi ya kirafiki na Ujerumani, kakalishwa benchi, akasema hadharani kwamba angejua asingekuja. Kocha wa Brazil, Parreira, akamfungia vioo. Brazil wakaanza kufuzu bila yeye, wakapigwa na Bolivia kule La Paz, mara ya kwanza kabisa kwa Brazil kupoteza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, presha ikapanda nchi nzima. Mechi ya mwisho, Septemba 1993, na Uruguay ndani ya Maracanã, straika Müller kaumia, kocha kameza mate akamwita. 2-0, yote mawili Romário. Bila ile siku sidhani kama tungekuwa na hadithi ya 1994.

Eti yeye na Ronaldo walitisha kwenye Kombe la Dunia

Hawajawahi kucheza hata dakika moja pamoja Kombe la Dunia. 1994 Ronaldo alikuwepo kikosini ana miaka 17, hakuingia uwanjani mashindano yote. Pacha ya Romário ilikuwa Bebeto. Ile Ro-Ro mnayoikumbuka ni ya 1997, Copa América na Kombe la Mabara, fainali na Australia 6-0, Romário matatu Ronaldo matatu, ndio maana watu wanachanganya. 1998 ilikuwa waende pamoja Ufaransa, Romário akaumia kigimbi, kocha Zagallo na mratibu wa timu Zico wakamkata siku chache kabla ya mashindano, kalia mbele ya waandishi wa habari, nafasi yake kapewa Emerson ambaye hata straika sio. 2002 kocha Scolari akamwacha pia, pamoja na kwamba kwenye kufuzu mwaka 2000 alifunga magoli saba kwenye mechi mbili tu, Bolivia matatu na Venezuela manne. Kwahiyo kombe analo moja, la 1994. 1990 alikwenda akitoka kuvunjika mguu, kacheza mechi moja na Scotland.

Na lile goli la kubembeleza mtoto, na Uholanzi, sio la Romário wala mtoto sio wake. Goli la Bebeto, mtoto wa Bebeto, Romário na Mazinho walimsindikiza kubembea.

Eti alishinda Ballon d'Or

1994 Ballon d'Or alichukua Stoichkov, mwenzake wa Barcelona. Mbrazil asingeweza hata kupigiwa kura, wakati ule ilikuwa ya raia wa Ulaya tu. Mwaka uliofuata ndio wakafungua mlango, na wa kwanza kupita akawa George Weah wa Liberia. Cha Romário ni kile cha FIFA.

Magoli 1000

Hapa pande zote mbili zinakosea. Kuna wanaosema alidanganya na kuna wanaosema ni rekodi rasmi. Tarehe 20 Mei 2007, São Januario, Vasco na Sport ya Recife, penati, kipa Magrão, umri miaka 41, mechi ikasimama watu wakaingia uwanjani. Hata la 1000 la Pelé, 1969, lilikuwa penati, na aliyefungwa alikuwa Vasco hiyohiyo. Ila hesabu ya Romário ilikuwa yake na watu wake, ndani yake kuna magoli ya timu za vijana, ya mechi za kirafiki, ya mabonanza ya kuagana. Ukiyachuja ukabaki na ya timu kubwa mechi rasmi unapata zaidi ya 750, ambayo jamani ni mengi kupita kiasi, sielewi kwanini hakuridhika nayo. Alifanya siri? Hapana, kila mtu Brazil alijua anahesabu nini. Miami alikwenda kuyatafuta hayo, akafunga mengi kwenye ligi yao ya daraja la pili, Adelaide kacheza mechi nne kapata moja.

Wanaosema alikuwa anafukuzia magoli ya wazee kule nje wanasahau 2005. Ligi kuu ya Brazil, yupo Vasco, ana miaka 39, magoli 22, mfungaji bora wa ligi nzima. Hiyo sio bonanza.

Eti alikamatwa na madawa

Nimeshasikia mpaka kokeini. Mwisho wa 2007 vipimo vyake vilikutwa na finasteride, dawa ya kuzuia nywele kukatika. Yaani upara. Ilikuwa kwenye listi iliyokatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine mwilini, wakampa siku 120 halafu mapema 2008 wakamfutia kwenye rufaa, na 2009 dawa yenyewe ikatolewa kwenye listi.

Eti alistaafu Vasco

Alitangaza kustaafu 2008, Vasco walishamwekea sanamu uwanjani kwao São Januario, kila mtu kajua kwisha. Lakini baba yake, Edevair, aliyefariki 2008, yule aliyetekwa wiki chache kabla ya Kombe la Dunia 1994 akaachiwa, alikuwa shabiki wa America, katimu kadogo ka Rio kalikokuwa kameshuka daraja. Novemba 2009 Romário ana miaka 43 akavaa jezi ya America kwenye daraja la pili la jimbo la Rio, akaingia akitokea benchi, mechi moja tu, kwa ajili ya mzee. America wakapanda. Baadaye kawa mbunge, kisha seneta kuanzia uchaguzi wa 2014 kwa kura zaidi ya milioni 4.6, akaongoza kamati ya seneti ya kuchunguza shirikisho la mpira, akawa rais wa hiyohiyo America, na 2024 akiwa na miaka 58 kajisajili tena kama mchezaji ili apate kuwa kikosi kimoja na mtoto wake Romarinho.