Chemko Linaanzia Wapi? Kusikiliza Muundo wa Wimbo

Wanafunzi wangu wa gitaa nikiwauliza wimbo fulani wa dansi, yaani muziki wa bendi za ukumbini, ni wa aina gani, hunijibu kwa jina la mtindo: huu Sikinde, huu Msondo, ule Kamanyola. Jibu si baya, ila halimwambii mpigaji aingie wapi wala anyamaze lini. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978. Msondo ulikuwa wa NUTA Jazz, iliyoundwa 1964. Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis na Kamanyola yao. Mtindo ulikuwa jezi ya bendi. Ni kweli kila bendi ilikuwa na ladha yake ya magitaa na vyombo vya kupuliza, lakini zifumue nyimbo zenyewe uone: nyingi zimejengwa kwa ramani moja.

Ramani hiyo ina sehemu kuu mbili. Gitaa la solo linafungua, tarumbeta na saksafoni zinadakia, kisha mwimbaji anatoa kisa chake: ndoa imevunjika, ndugu kageuka, mji umemshinda. Beti zinafuatana na kiitikio cha sauti mbili tatu kinapita katikati. Hapa maneno ndiyo yanayotawala. Gitaa linamjibu mwimbaji akipumua, basi.

Halafu linakuja chemko, sehemu ya pili, ya kucheza. Wengi hulitambua kwa mwendo kupanda, na mara nyingi unapanda kweli, lakini ukitegemea dalili hiyo peke yake utapotea, kwa sababu zipo nyimbo ambazo mwendo haubadiliki hata kidogo. Mimi huwaambia wasikilize gitaa la solo. Likiacha kumfuata mwimbaji na kushika kipande kifupi kinachozunguka, kikirudi palepale kila baada ya bar (mafungu ya mapigo) mbili au nne, mmeshaingia. Kisa nacho kimekoma. Kilichobaki ni mstari mmoja mfupi unaoitwa na kuitikiwa, vyombo vya kupuliza vikipokezana na magitaa, na wachezaji wameshajaa ukumbini.

Santuri ndogo za mizunguko 45 ziliuonyesha mpasuko huu waziwazi. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili. Mara nyingi ulipogeuza santuri ndipo ulipokutana na chemko.

Wakongo sehemu hiyo ya pili wanaiita sebene, na wao ndio walioivuta mbali zaidi. Zaiko Langa Langa, walioanza Kinshasa 1969, waliachana na vyombo vya kupuliza wakawaachia magitaa na dramu kazi yote. Miaka ya 1980 akaingia atalaku, mtu wa kuwachochea wachezaji, na mayowe yake, sebene ikazidi kurefuka, na kwa baadhi ya bendi zilizofuata sehemu ya kuimba ikawa kama hodi tu. Sikioni mwangu hapo kuna kilichopotea, ingawa vijana wangu hawakubali.

Taarabu ya kizamani ya Unguja haina mgawanyo huo. Wimbo una beti za shairi, kila ubeti unarudi kwa sauti ileile, na vyombo vinajaza nafasi kati ya ubeti na ubeti. Ukiusikia ubeti wa kwanza umeshaujua muundo wote, na utamu unabaki katika maneno na madoido ya mwimbaji. Bashrafu ni jambo jingine: haina mwimbaji, asili yake ni Uturuki, na kuna kipande kimoja kinachorudi kila sehemu mpya inapokwisha. Bongo Fleva ni nyepesi kuichora: ubeti, kolasi, ubeti, kolasi.

Inayowasumbua wanafunzi ni benga, muziki wa magitaa wa Kenya. Katika nyimbo za D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa linarudia mstari aliouimba mwimbaji karibu sauti kwa sauti, kisha waimbaji wananyamaza na magitaa yanatimua mbio, halafu waimbaji wanaweza kurejea na kisa kikaendelea. Kwa hiyo chemko lipo, lakini si lazima liufunge wimbo. Mimi naiweka jirani na dansi, katika fungu lake peke yake, na darasani naicheza baada ya dansi, sikio likiwa limeshazoea kuwinda kile kipande kinachozunguka.