Mparachichi wa chunguni: kata ncha mapema utawanye matawi

Mparachichi uliooteshwa nyumbani kutoka kwenye kokwa una tabia moja: unakimbilia juu. Shina jembamba, majani machache kileleni, chini kweupe. Wengi hutuuliza wautie mbolea gani ili ujaze. Mbolea isubiri kwanza. Chukua mkasi, tena mapema kuliko moyo wako unavyotaka.

Tazama mahali kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Utaona kinundu kidogo cha kijani, hakifiki ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Hilo ni jicho, yaani tawi ambalo halijaruhusiwa kutoka. Anayelizuia ni ncha ya shina. Ncha hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka na kuyafanya macho ya chini yaendelee kulala. Tena ncha hiyohiyo ndiyo inayojivutia sukari nyingi inayotengenezwa na majani. Ukiikata, sukari inayageukia macho yaliyobaki, nayo huanza kuvimba na kuchipua.

Mche ukifika sentimita 15 hadi 18, ukate ubaki na sentimita 8 hivi. Ndiyo, karibu nusu yake. Hapa ndipo watu huingiwa na huruma, na tunawaelewa: mtu amengoja wiki nne, sita, pengine nane, kokwa lipasuke, halafu anaambiwa akate. Lakini kokwa la parachichi ni ghala la chakula. Maadamu bado limeshikamana na mche na halijaoza, lina akiba ya kutosha kusukuma chipukizi jipya hata kama hakuna jani lililobaki. Kwa hiyo usilibandue kwa kuona limekunjamana.

Kama mche umeshakuwa mrefu, ukaacha kokwa lake nyuma na shina likawa la kahawia, bado hujachelewa, ila usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Pa kukata pachaguliwe. Mparachichi hukua kwa vipindi: unarefuka haraka, unatulia, kisha unaanza tena. Kila ulipotulia, shinani pamebaki mkanda wa vikovu vya majani vilivyosongamana, na hapo macho ni mengi kuliko kwenye pingili ndefu. Ukikata juu kidogo ya mkanda huo unaweza kupata machipukizi kadhaa kwa pamoja. Bakiza yanayoelekea pande tofauti, mengine uyaondoe yakiwa bado laini.

Ukataji wenyewe hauna mambo mengi. Wembe au mkasi uwe mkali na uwe umefutwa kwa spiriti. Kata kimshazari, nusu sentimita juu ya jicho. Ukikata mbali na jicho utaacha kisiki ambacho kitakauka na kuanza kuoza kuelekea chini. Ukikata karibu mno utalijeruhi jicho lenyewe. Kidonda hakihitaji kupakwa kitu.

Wengi hukata mara hiyo moja wakaridhika, na hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mara nyingi jicho la juu kabisa ndilo linaloamka peke yake, linasimama wima na kujifanya ncha mpya. Baada ya miezi michache mche unakuwa mrefu vilevile, tofauti pekee ikiwa kona ndogo shinani pale ulipokatwa. Tawi jipya likifika sentimita 30 hivi, nyofoa ncha yake kwa kucha pamoja na majani mawili ya juu. Kila linapoongeza sentimita 15 nyingine, nyofoa tena. Unyofoaji huu mdogomdogo ndio unaoleta kichaka, kuliko ukataji mkubwa wa mara moja.

Usikate mche mgonjwa au uliohamishiwa chungu kipya juzijuzi. Na ncha za majani zikikauka kwa rangi ya kahawia, mara nyingi hizo ni chumvi zilizojikusanya kwenye udongo au ni kiu. Mkasi hautatibu hilo.

Halafu kuna mwanga. Mche uliofichwa kwenye kona yenye giza utatoa matawi mapya yenye pingili ndefu na majani haba, hata ukipogolewa kwa ustadi wa namna gani. Uweke karibu na dirisha linalopata jua na uzungushe chungu mara kwa mara ili upande mmoja usibaki nyuma. Kama unautoa nje, uzoeze jua polepole, la sivyo majani yataungua.

Maji nayo yapunguzwe baada ya kukata. Mche wenye majani machache hunywa kidogo, na mtu akiendelea kumwagilia kama zamani, udongo unabaki tope. Mizizi ya mparachichi haivumilii tope: ndimo vimelea vya Phytophthora cinnamomi huiozesha. Mbolea tuliyoiahirisha itie pale machipukizi yanapokuwa na majani yaliyofunguka, kwa kiasi kidogo.

Anayesubiri matunda ajue jambo moja. Mparachichi hutoa maua kwenye ncha za matawi, hivyo kunyofoa kila mara ni kuahirisha maua. Isitoshe, mti wa kokwa huweza kuchukua miaka mitano hadi kumi na zaidi kabla ya kuzaa, na tunda lake huenda lisifanane na lile ulilokula. Kwa matunda, tafuta mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa na kijiti cha mparachichi wa aina inayojulikana. Huu wa chunguni ufurahie kwa majani yake.

Vipande ulivyokata usihangaike kuvipanda, kwa kuwa ni vigumu mno kutoa mizizi. Wala usiwatupie mbuzi, sungura, farasi au ndege wa kufugwa. Majani ya mparachichi yana sumu iitwayo persini, inayoweza kudhuru moyo na viwele vya wanyama hao. Yapeleke kwenye shimo la mboji, mahali mifugo haifiki.